Uhakiki wa Kurasa Sitini

Augusta Pell alikuwa amekwisha wazika waandishi arobaini na mmoja, na wote walikuwa hai. Wengi wao alikutana nao kila Ijumaa kwenye karamu za vinywaji, wakambusu mashavuni na kumuuliza hali ya mgongo wake. New York mtu akikuvua nguo gazetini Alhamisi, adabu inakutaka umwashie sigara Ijumaa.

Alizaliwa Terre Haute, Indiana, binti wa daktari wa meno, na watu walisema ndiko alikojifunza kung'oa bila ganzi. Maneno hayo aliyatunga mwenyewe, akayasambaza mwenyewe, kisha akawa analalamika kwamba anasingiziwa. Alikuwa ameandika riwaya nne. Ya kwanza ilisifiwa, ya pili ilinunuliwa, ya tatu ilifanywa filamu ambayo alikataa kuitazama, na ya nne ilitoka juma lile lile Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor, mwaka 1941, kwa hiyo hakuna aliyeiona. Sasa ilikuwa 1952, na ya tano haijaonekana. Kila asubuhi aliketi mbele ya karatasi, akaitazama, nayo ikamtazama, wakaachana kwa amani. Kazi ya kuhakiki vitabu vya wenzake ilikuwa nyepesi zaidi. Pale kuna mtu mwingine wa kulaumiwa.

Ukurasa wake katika gazeti moja la kila wiki uliitwa "Kwa Ufupi" na haukuwa na jina chini. Ilikuwa siri, yaani mji mzima ulijua. Wauza vitabu na wakuu wa maktaba waliusoma kabla ya kuagiza, na kwa mwandishi mpya asiye na mjomba kwenye gazeti lolote, aya moja ya Augusta ilitosha kumfukia.

Na kuna jambo ambalo sisi wa kazi hii hatulisemi mbele ya wageni. Mhakiki hasomi kitabu. Anasoma kurasa sitini za mwanzo na kumi za mwisho, na huko katikati anamwamini mchapishaji kwamba kumejaa maneno. Siku akiwa amealikwa chakula cha jioni, zile kumi nazo husamehewa.

Jumapili ile Augusta alikuwa amealikwa.

Jumatatu saa nne asubuhi Opal Nordquist aliingia, akavua kofia, akaketi kwenye mashine ya taipu. Opal alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mrefu, mtu wa Minnesota, hajaolewa, na penseli yake huishi kwenye nywele. Kila Jumatatu na Jumatano, kwa miaka ishirini na miwili, Augusta alizunguka chumba na sigara yake akitamka, na Opal akapiga taipu. Riwaya zote nne zilipita kwenye vidole vyake, barua za ugomvi pia, na taarifa ya kifo cha mume wa Augusta. Hakuwahi kubadili neno la mtu. Akiona kosa, aliliandika kwa penseli pembeni mwa nakala ya kaboni, akanyamaza.

"Leo tuna Bwana C. R. Halloway," Augusta alisema. "Simjui. Nahisi ni mwalimu wa chuo huko Vermont, ana mbwa na huzuni. Kitabu kinaitwa *Sahani Safi*. Nilidhani ni cha mapishi. Laiti kingekuwa."

"Laiti kingekuwa," Opal alirudia, akapiga.

"Andika. Bwana Halloway ametuletea mwanamke mmoja wa mjini, Verena Coyle, mwenye ulimi wa wembe, asiyeweza kuomba chumvi mezani bila kumchoma mtu. Umepata?"

"Bila kumchoma mtu. Nimepata."

"Mwanamke wa namna hii hayupo duniani. Angekuwepo, majirani zake wangekwisha hama zamani."

Majirani wa ghorofa ya chini walikuwa wamehama mwezi Machi, lakini hilo halikumpitia Augusta akilini.

"Opal, mbona hucheki?"

"Nacheka ndani kwa ndani, Bi Pell."

"Hebu cheka nje kidogo, nisikie kama inafanya kazi."

Opal akacheka, ha moja na nusu. "Inafanya kazi," akasema.

"Haya. Verena ana dada yake, mtu kimya asiye na rangi, ambaye mwandishi anampandisha treni ya Ohio kwenye ukurasa wa arobaini na moja na kumsahau huko huko. Tunampongeza dada. Ni mtu pekee kitabuni mwenye akili ya kuondoka." Augusta alisimama dirishani, akavuta moshi. Alijua sentensi ya mwisho inakuja. Siku zote aliisikia mgongoni kama mtu anayetaka kupiga chafya. "Verena Coyle hajawahi kuishi, na Bwana Halloway ametumia kurasa mia tatu na kumi na mbili kuhakikisha kwamba hataishi. Nukta. Yesu na Maria, mimi ni hatari!"

Mashine ilinyamaza. Opal alichomoa karatasi, akatenganisha nakala na kaboni kwa utaratibu wake ule ule.

"Umekimaliza, Bi Pell?"

"Nini, kitabu? Kukimaliza kwani mimi mama yake?"

"Nimeuliza tu."

"Ulize hali ya hewa, mwenzangu. Hii ipitishe ofisini kwa Lowell ukienda zako."

Opal akavaa kofia, akaipeleka.

Jumanne asubuhi, akiwa na kahawa na mkate wa kuchoma, Augusta aliichukua nakala ya kaboni ili ajifurahishe. Alipenda kujisoma mwenyewe. Aliona ni mwandishi pekee asiyemchosha. Akafika kwenye dada na treni ya Ohio, na pembeni akakuta maandishi madogo ya penseli: *Uk. 187. Dada anarudi. Yeye ndiye anayesimulia kitabu chote.*

"Ala!" alisema peke yake.

Opal kusahihisha tahajia, sawa. Kusahihisha tarehe, sawa. Lakini Opal kumfundisha yeye kilichomo kwenye kitabu! Na amekisomea wapi? Kitabu hakijatoka madukani, na nakala ya awali aliyotumiwa ilikuwa tangu Jumapili imewekwa chini ya mguu wa meza inayoyumba, ikifanya kazi ya maana kwa mara ya kwanza. Akainama, akakichomoa. Meza ikayumba, kahawa ikamwagikia mkate. Akafungua ukurasa wa mia moja themanini na saba akiwa amesimama, kwa nia moja tu ya kumwumbua Opal kesho yake.

Dada alirudi kweli. Alishuka kwenye treni na mwavuli wa mtu mwingine, akaelekea kwa Verena bila kukaribishwa, akaanza kazi ya kumpangia karatasi zake. Augusta alisoma akitafuta pa kuuma. Akageuza ukurasa. Akaketi. Akageuza tena. Ilikuwa nathari iliyotulia, isiyojipigia debe, na kila alipodhani sasa mwandishi atateleza, hakuteleza. Palikuwa na mazungumzo ya wanawake wawili juu ya koti la marehemu, nusu ukurasa tu, ambayo yeye Augusta angeyaandika kwa kurasa sita na kuyaharibu. Alianza kukasirika. Alimkasirikia yule mwalimu wa Vermont na mbwa wake. Mtu hana haki ya kuandika hivi na kujificha nyuma ya herufi mbili.

Akafika ukurasa wa mia moja tisini na sita.

Hapo mume wa Verena amezikwa. Verena, mbele ya jeneza, amewaambia watu kwamba hii ni mara ya kwanza mumewe kufika mahali kwa wakati, na waombolezaji wamevunjika mbavu, na kesho yake magazeti yameinukuu. Wageni wamekwenda zao. Dada anarudi kuchukua mwavuli, anamkuta Verena jikoni na gauni jeusi, mikono imezama kwenye maji ya moto, anaosha sahani. Sahani zimekwisha oshwa. Anaziosha zilivyo safi, anazipanga, halafu anazirudisha kwenye maji na kuanza upya. Dada anachukua kitambaa, anasimama kando yake, anazifuta moja moja kila zinapotoka, mpaka mikono ya Verena inachoka.

Augusta alikiweka kitabu kifudifudi mapajani.

Winthrop, mumewe, alikufa miaka sita iliyopita. Mzaha ule wa jeneza ulikuwa wake, mji mzima ulikuwa ukiurudia hata leo. Lakini jikoni alikuwepo mtu mwingine mmoja tu, na siku ile mtu huyo alikuwa na kitambaa mkononi na penseli kwenye nywele. Hawakulizungumza, si siku ile wala baadaye.

Aliona haya mpaka masikio yakamwasha. Miaka ishirini na miwili alikuwa amependwa na kuonwa mpaka ndani na mtu ambaye yeye alimdhani ni sehemu ya mashine, na yeye jana tu amemtamkia mtu huyo, neno kwa neno, jinsi ya kumfukia. Naye akapiga taipu. Akaulizwa mbona hacheki, akacheka.

Akarudi ukurasa wa kwanza, akasoma mpaka wa mwisho. Jioni ilipofika alikuwa hajala, na simu ya ofisini kwa Lowell ilikuwa haipokelewi tena. Verena hakupendelewa popote. Alikuwa mwoga, mchoyo wa sifa, mchekeshaji wa kutisha, na alipendeza kuliko Augusta alivyowahi kujiona kwenye kioo. Kilikuwa kitabu kizuri. Augusta alitafuta njia ya kulisema hilo kwa namna nyingine asiipate.

Kesho yake saa nne na nusu alikuwa ofisini kwa Lowell Fensterwald, mhariri wa ukurasa, bwana wa tai ya kipepeo aliyejenga jina lake kwa kukata aya za watu wengine. Gazeti hupelekwa mtamboni Jumatano saa sita mchana.

"Malkia wangu!" Lowell alisema. "Ghorofa nzima tunaimba. 'Kuhakikisha kwamba hataishi!' Binti wa mapokezi amekwisha mwambia mchumba wake hivyo hivyo."

"Nirudishie uhakiki wangu, Lowell."

"Unataka kuongeza?"

"Nataka kuufuta. Sijakisoma kile kitabu."

Lowell alimtazama kwa huruma, kama mtu anayeambiwa kwamba maji ni majimaji. "Na nani kasoma? Augusta, tukianza kuungama humu ndani, juma lijalo tutatoa matangazo ya soksi matupu."

"Sasa nimekisoma. Nimekosea. Ni kitabu kizuri."

"Vizuri viko vingi. Vichekesho viko vingapi?"

"Yule mwanamke ni mimi."

Uso wa Lowell ukachanua taratibu, akashika meza. "Yule ambaye hayupo duniani? Ambaye majirani... Toba! Augusta, huu sasa siuondoi hata kwa bunduki!"

"Basi nitakwenda mtaa wa pili, kwa wale wapinzani wako," Augusta alisema, "nitawaandikia aya, kwa jina langu, kwamba ukurasa wako unaandikwa na watu wasiosoma. Nitaanza na ile makala yako ya Krismasi kuhusu kitabu cha vita vya Waajemi. Uliifurahia sana sura ya tisa, Lowell. Kitabu kina sura nane."

Lowell alirekebisha tai yake. "Nina nafasi ya maneno mia mbili. Lete mengine mia mbili kabla ya saa sita. Na yawe na jina lako chini, maana mimi sibebi huu mzigo."

Akapewa meza tupu na mashine. Alikuwa hajapiga taipu tangu enzi za Rais Hoover. Alitafuta kila herufi kwa kidole kama kuku anayedonoa. Lakini vidole havikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba kila alipotaka kusifu, sentensi iligeuka mkononi na kumtafuta mtu wa kumkata. Aliandika "Hatimaye riwaya ambayo," akaona inakwenda kuwachapa wengine, akaichana. Aliandika jambo la kijanja kuhusu sahani, likachekesha, akalichana nalo, na hilo lilimuuma. Saa sita kasoro kumi alikuwa na aya iliyosema kitabu kinahusu nini, kwamba msimulizi wake ni dada ambaye kila mtu humpuuza akiwemo mhakiki, kwamba kimeandikwa na mtu anayejua kutazama, na kwamba wasomaji wakisome chote. Ndiyo maandishi ya kwanza ya Augusta Pell yasiyo na chumvi hata chembe.

Lowell aliyasoma kwa uso wa mtu aliyepewa uji wa hospitali. "Watasema umezeeka."

"Watasema kwa ufupi. Chapisha."

Saa nane mchana Opal alifika, kama kawaida yake ya Jumatano. Augusta alikuwa amesimama katikati ya chumba, hana sigara. Alimpa nakala ya kaboni ya aya mpya. Opal aliisoma na koti lake mwilini, akaisoma tena.

"Imepoa," alisema.

"Najua."

"Hakuna hata kichekesho kimoja."

"Vilikuja, nikavifukuza. Opal, mbona hukuniambia?"

Opal aliiweka karatasi mezani. Meza ikayumba. "Miaka yote hii nakuona unawasoma watu usiowajua. Wanakuja hapa kwa posta, hawana sura, hawana jina la maana, na ukiamua kusoma kweli hakuna anayesoma kama wewe. Nikasema na mimi nataka hicho. Kwa hiyo nikatafuta jina usilolijua."

"Na Jumatatu ukaandika yote yale. Ungeniambia nyamaza!"

"Ulikuwa unatamka haraka." Opal aliinyoosha karatasi kwa kiganja. "Nilifika kwangu nikalia, kama unataka kujua. Lile la majirani halikuniliza, lile ni zuri. Ungekisoma chote ukakichanachana, ningemeza. Hukukisoma. Nilingoja miaka ishirini na miwili, nikapewa kurasa sitini."

"Nisamehe. Nakuomba unisamehe."

"Nitakusamehe, Bi Pell, sijui lini. Na ahsante kwa hii, itauza. Lakini hii umemwandikia Opal. Ulishajua ni mimi. Yule Halloway mpaka leo hajasomwa na mtu."

Opal aliifunika mashine yake kwa kifuniko, akakusanya penseli zake mbili za akiba kwenye droo, akazitia mkobani.

"Jumatatu?" Augusta aliuliza.

"Jumatatu nina kazi. Naandika cha pili."

"Na mimi nimo?"

"Wewe? Wewe nilikumaliza kwenye hiki."

Ulikuwa mzaha safi kabisa, na Augusta angeutoa mwenyewe angekuwa na bahati. Hakucheka. Opal alifika mlangoni, akashika kitasa, akasimama akiupa mlango uso.

"Ile mia moja themanini na saba. Ulianzia hapo?"

"Hapo hapo. Nilitaka kukuumbua."

"Ukajua ni mimi wapi?"

"Kwenye sahani."

"Mia moja tisini na sita." Opal alihesabu kimoyomoyo, midomo ilionekana ikicheza. "Basi kuna kurasa tisa. Tisa ulizisoma kabla hujajua ni mimi."

"Tisa."

"Zilikuwaje?"

Augusta alikuwa na maneno ya kila kitabu kibaya kilichowahi kuchapwa Marekani. Ya kitabu kizuri ilibidi ayatafute.

"Zilinitia wivu," alisema. "Nilikaa chini bila kujua nimekaa. Nilimchukia yule mtu kwa sababu ameandika vile na mimi siwezi. Siwezi, Opal. Miaka kumi na moja siwezi."

Opal hakugeuka.

"Sema tena," alisema. "Ile ya kwanza."

"Zilinitia wivu."

Opal akatikisa kichwa kukubali, mara moja, kama anapofika mwisho wa mstari kwenye mashine. Kisha akafungua mlango, akashuka ngazi bila kungoja lifti.